Alama za Jaji Wembe

Kwa siku tisa mfululizo Wembe alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kushoto, safu ya kumi, akiwasikiliza vijana waliotoka pembe zote za dunia wakipigana na piano kana kwamba piano ndiyo iliyoanza ugomvi. Kiti chenyewe kilikuwa na msumari uliomchoma pajani kila alipoegemea. Alishausema huo msumari siku ya kwanza, akajibiwa kwamba kiti hakiwezi kubadilishwa kwa sababu kimeshabandikwa jina. Watu wa namna hiyo ndio walioandaa Mashindano ya Kimataifa ya Piano na Tamasha la Muziki wa Klasiki. Walimwandikia barua wakamwita nguzo ya sanaa, kisha wakamkalisha juu ya msumari.

Jina la Wembe alipewa na wanafunzi wake miaka thelathini nyuma, na hawakulitoa hewani. Alikuwa mama wa miaka sitini na minane, mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, na ulimi wake haukuwa na simile. Mwanafunzi akipiga ovyo, hakumwambia ajitahidi. Alimuuliza kama kwao hakuna kazi nyingine inayohitaji mikono. Wengine waliacha muziki moja kwa moja, wakawa madaktari wa meno na mawakili, na yeye akiwahesabu hao kuwa ndio mafanikio yake makubwa.

Ukumbi ulijaa kila siku, hilo hakatai mtu. Lakini ulijaa watu gani, jamani? Walijaa akina mama waliojipulizia manukato mpaka jaji wa kiti cha pili akapiga chafya. Walijaa wanaume wanaotikisa vichwa kwa hisia mahali ambapo hata aliyetunga muziki hakuwa na hisia yoyote. Kila kipande kilipofika katikati, wapo waliopiga makofi wakidhani kimekwisha, na wapo waliowageukia na kuwanyamazisha kwa macho makali, hao wakiwa ni wale waliofanya kosa hilohilo mwaka uliopita. Wembe aliwatazama wote hao kwa jicho moja, lile analomtazamia mtu aliyepiga nota isiyo yake akatabasamu.

Majaji walikuwa saba. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mzee aliyepiga piano vizuri mara moja, zamani, mbele ya mtu muhimu, na tangu hapo alikuwa anaishi kwa sifa ya jioni ile. Alikuwa na kipaji cha kulala macho wazi. Kulia kwa Wembe alikaa jamaa waliyemwita Profesa Skafu, kwa sababu hata jua liwe la kuchoma hakuivua skafu yake ya hariri. Profesa Skafu hakuwahi kusema neno baya juu ya mtu yeyote, na kwa hiyo alialikwa kila mahali. Wanne waliobaki walikuwa wakimwangalia Mwenyekiti anaandika nini, naye Mwenyekiti alikuwa akimwangalia Profesa Skafu. Hilo ndilo lililokuwa jopo lenyewe.

Na washindani je? Walianza thelathini, wakabaki kumi na wawili wa nusu fainali. Wembe aliwapa majina yake mwenyewe kwenye daftari, maana yale ya kwenye programu yalimshinda kuyatamka. Kulikuwa na Cherehani, aliyepiga kila kitu kwa kasi moja. Kulikuwa na Radi, kijana mwenye nywele za mabegani, kipenzi cha ukumbi, ambaye alikuwa akiinuka kitini kila alipotaka sauti kubwa, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Na kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye raundi ya kwanza alipanda jukwaani na sweta la kijani juu ya gauni, kwa sababu zipu ya gauni ilimkatikia mgongoni dakika mbili kabla. Huyo Wembe alimwandika Sweta. Raundi ya kwanza Sweta alipiga vitu vile vile wanavyopiga wote, akapita kwa taabu, na Wembe akaandika pembeni: "Huyu anadanganya. Anajua zaidi ya hapa."

Asubuhi ya nusu fainali Katibu wa mashindano alimfuata Wembe kwenye chumba cha majaji kabla wenzake hawajafika. Katibu alikuwa binti mtaratibu, asiyepaza sauti, anayetembea na kompyuta yake ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una uso wa mtu aliyetumwa."

"Sijatumwa. Nimekuja mwenyewe, na ukiniuliza mbele ya watu nitakana." Katibu akafungua kompyuta juu ya meza, kando ya biskuti. "Raundi ya kwanza ulitoa alama thelathini. Ishirini na moja zimetupwa."

"Zimetupwa wapi?"

"Nje ya hesabu. Ile sheria, mama. Alama ikiachana na wastani wa jopo kwa zaidi ya tatu, iwe juu au chini, kompyuta inaifuta."

Sheria hiyo Wembe aliijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni yeye aliyeiandika. Miaka minane nyuma jaji mmoja asiye na mshipa wa aibu alimpa mwanafunzi wake mwenyewe ishirini na tano juu ya ishirini na tano, akawapa wengine wote nane na tisa. Wembe alisimama katika kikao, akamwita mwizi mbele ya mkewe, kisha akaandika sheria papo hapo nyuma ya bahasha: alama inayokaa peke yake itupwe, na alama zote za majaji zibandikwe ukutani, kila moja na jina la mwenyewe, wezi waonekane. Wote walimpigia makofi. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kuzisoma hapo ukutani, wala haikumpitia akilini kwamba ipo siku atakayekaa peke yake ni yeye.

"Kwa hiyo siku zote hizi nimekaa pale kama chombo cha maua," alisema.

"Sikusema hivyo, mama. Nasema yule kijana wa nywele ndefu ulimpa tisa. Wenzio walimpa ishirini na tatu. Tisa yako haikumgusa hata unywele. Ungempa ishirini na moja, ungemshusha kidogo."

"Ishirini na moja ni kumsifu."

"Kwa kompyuta ni kumshusha." Katibu alifunga kompyuta yake. "Ukitaka usikike, usiende mbali na wenzio. Basi, hilo tu. Mimi sijasema kitu."

Wembe alikunywa chai yake bila kuisikia ladha. Aende karibu na wenzake? Na hao? Profesa Skafu akaingia wakati huo akimwaga habari za asubuhi kwa kila mtu, hata kwa birika, na Wembe akaona heri atoke kabla hajamtapikia.

Choo cha majaji kilikuwa kimefungwa, fundi yumo ndani anagonga mabomba. Akaenda kile cha nyuma ya jukwaa. Mbele ya sinki alimkuta Sweta amesimama, mikono imezama kwenye maji mpaka viwiko, sweta lile lile la kijani limekunjwa mikono. Washindani wengi hufanya hivyo ili vidole visikakamae. Sheria inamkataza jaji kuzungumza na mshindani, na Wembe, mtu wa sheria, ilimpasa ageuke.

"Shikamoo," alisema Sweta, akimtazama kwenye kioo.

"Marahaba." Wembe akafungua bomba la pili. "Nimeona programu yako ya leo. Unaanza na ile sonata ya watoto."

"Ndiyo, mama."

"Watoto wa mwaka wa pili wanaipiga."

"Ndio ninaowafundisha. Nina wanafunzi arobaini kwa wiki, na wote wanaipiga hiyo. Nimeisikia ikichinjwa kila Jumanne kwa miaka saba. Nikasema angalau siku moja mtu aipige."

Wembe alihisi kitu usoni, akagundua anataka kucheka. Kwa siku tisa hakuna aliyemchekesha kwa kukusudia.

"Watakukata," alisema. "Hawa hawajui kusikiliza kitu chepesi. Wanataka jasho."

"Najua. Raundi ya kwanza niliwapa jasho. Sikujipenda kabisa." Sweta alitoa mikono majini, akaanza kuifuta kidole kimoja kimoja. "Mimi nina miaka thelathini, mama. Mwezi ujao natimiza thelathini na moja, na hakuna mashindano yatakayonipokea tena. Nikiingia sita bora, hata niwe wa sita, wananipangia maonyesho miaka miwili kwenye kumbi za maana. Nisipoingia, shule inataka niwe mwalimu wao wa kudumu, na nimewaambia nitasaini Jumatatu. Kwa hiyo ni leo tu. Nikaona kama ni mara moja, basi nipige kama ninavyopiga."

Wembe alifunga bomba, akatoka bila kuaga. Huko nje korido ilikuwa na mabango ya Radi kila baada ya hatua tano, nywele zikipepea ingawa picha ilipigwa ndani ya nyumba. Alipita akiyatazama moja baada ya jingine, na moyoni ameshakata shauri.

Wakati wa chakula cha mchana alikaa pembeni peke yake, akapiga hesabu nyuma ya programu. Wenzake aliwajua kama kiganja chake. Mtu akipiga kitu chepesi, hata akipige vipi, watampa ishirini, wengine kumi na tisa, mmoja ataona huruma ampe ishirini na moja. Naye akitoa ishirini na mbili, itahesabiwa. Ishirini na tatu pia, lakini hapo ni kucheza na ukingo. Ishirini na nne inatupwa. Basi ishirini na mbili. Hiyo tofauti ndogo tu ingemsukuma yule mwanamke mbele kiasi cha kumtosha. Wembe aliitazama namba hiyo kwa kinyaa. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kutoa alama ya kubembeleza, na sasa angeanza uzeeni, tena kwa ajili ya kuwazunguka watu ambao hata kuwazunguka ni kuwapa heshima. Lakini alijikaza. Kazi moja tu, alijiambia. Andika ishirini na mbili, mtoto wa watu apite, halafu urudi kuwadharau mpaka ushibe.

Mchana Radi alipiga kwanza. Nisikuchoshe na habari zake. Alipiga, akainuka, akakaa, akatupa nywele nyuma, akafumba macho kwenye sehemu rahisi na kuyafumbua kwenye sehemu ngumu, kisha akaachia pigo la mwisho kwa mikono yote miwili, ikabaki hewani kama ya mtu aliyeambiwa ajisalimishe. Ukumbi ulisimama. Mwenyekiti aliamka. Profesa Skafu alipangusa jicho ambalo halikuwa na chozi. Wembe akampa ishirini na moja, na akajisifu kwa ustahimilivu wake.

Kisha akaingia Sweta. Safari hii zipu ilikuwa nzima, lakini sweta alilivaa hivyo hivyo. Alikaa, akasogeza kiti kidogo mbele, akaanza.

Ile sonata ni ya kurasa tatu. Kila aliyewahi kusoma piano ameipiga, na kila jirani wa aliyesoma piano anaichukia. Mkono wa kushoto unakwenda sawasawa tu, mkono wa kulia una wimbo mdogo usio na cha kujificha nyuma yake. Wembe aliifundisha kwa miaka arobaini na alikuwa hana hamu nayo tena. Sasa aliisikia. Sweta hakuongeza kitu wala hakupamba. Kila nota iliwekwa mahali pake na kuachwa hapo, na pale wimbo unapogeuka kuwa wa huzuni, mahali ambapo watu wote hupunguza mwendo ili uone kwamba wameona huzuni, yeye alipita kwa mwendo ule ule, na huzuni ikawa kubwa zaidi. Wembe alivua miwani. Hakuelewa kwa nini, maana macho hayakuhusika. Alikumbuka kwamba alipokuwa na miaka kumi aliipenda piano, kabla hajaanza kuwapenda wachache na kuwadharau waliobaki.

Sweta alipiga na vipande vingine vitatu baadaye, vigumu, na alivipiga vizuri, lakini Wembe alikuwa bado yuko kwenye kile cha kwanza.

Makofi yalikuwa ya adabu. Kwa utaratibu wao, majaji huandika kwanza kwa penseli, wakatafakari, kisha wakapitisha kalamu ya wino na kusaini, na karatasi ikishasainiwa haiguswi. Wembe alishika penseli akaandika ishirini na mbili. Ilikuwa pale, namba safi, ya kutosha. Alichukua kalamu.

Ndipo Profesa Skafu akamwinamia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri.

"Kazuri," alinong'ona. "Kadogo, lakini kazuri. Sijui tu kwa nini mtu mzima alete kitu cha watoto kwenye jukwaa kama hili. Nimempa ishirini. Nadhani ni ukarimu."

Kadogo. Wembe alimtazama shingoni, pale skafu ilipofungwa fundo, na damu ikampanda. Kwa upande wa pili Mwenyekiti alikuwa akipiga mwayo huku anaandika ishirini yake, akichungulia ya Profesa Skafu bila hata kuficha. Hao ndio angewafuata. Angeandika alama moja juu ya ile aliyompa Radi, Radi mfunga masanduku, na jina lake libandikwe ukutani kando ya hiyo ishirini na mbili, watu wapite waseme kwamba hata Wembe alisikia muziki ule akaona ni afadhali kidogo. Haiwezekani. Mtu amefanya jambo ambalo Wembe hajalisikia kwa miaka ishirini, kisha yeye alinunulie nafasi kwa uongo? Thubutu.

Sheria aliikumbuka vizuri, wala tusimsingizie kusahau. Aliikumbuka, na akaona kwamba sheria nayo ni ya kudharauliwa. Akafuta namba ya penseli mpaka karatasi ikachubuka, akaandika kwa wino: ishirini na tano. Akasaini jina lake lote, na chini yake akapiga mstari. Kisha akamsogezea Profesa Skafu karatasi kidogo, aione vizuri. Profesa aliiona, nyusi zikapanda. Dakika ile Wembe alijisikia mwepesi kuliko alivyowahi kujisikia tangu mashindano yaanze, na hata msumari hakuuhisi.

Saa kumi na moja jioni walikusanyika chumba cha majaji. Printa ilikuwa inakoroma kwenye kona. Katibu alisimama na karatasi mkononi, akasoma majina sita kwa mpangilio, wa kwanza akiwa Radi na wa sita Cherehani.

"Na yule wa sweta?" Wembe aliuliza.

"Ni wa saba, mama. Ana ishirini kamili. Wa sita ana ishirini nukta moja nne."

"Alama yangu?"

Katibu alimtazama kwa uso wa mtu aliyekwishasema asubuhi na hana la kuongeza. "Imetupwa."

Nukta moja nne. Wembe aliomba kalamu, akapiga hesabu mwenyewe juu ya meza, mbele za watu, kwa kuwa hakumwamini mtu. Kwa ishirini na mbili yule mwanamke angekuwa na ishirini nukta mbili nane. Angekuwa wa sita, Cherehani angerudi kwao na kasi yake. Aliirudia hesabu. Ikaja vile vile.

"Futa," alimwambia Katibu. "Andika ishirini na mbili."

"Umesaini, mama."

"Basi nitafuta saini."

"Kwa wino, mama."

Wembe alimgeukia Mwenyekiti. Neno alilolitoa lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu azikwe mama yake, na lilitoka limekunjamana. "Naomba," alisema. "Naomba, bwana. Mnajua wenyewe kwamba nimekosea. Ishirini na mbili ndiyo niliyoandika kwanza. Huyu hapa aliona."

Profesa Skafu alitazama skafu yake. "Kwa kweli niliona ishirini na tano tu," alisema kwa upole. "Na ulinionyesha mwenyewe, dada. Lakini ni heshima kubwa umempa. Itabaki kwenye kumbukumbu."

"Sheria ni ya kwako, dada," alisema Mwenyekiti, naye kwa mara ya kwanza kwa siku kumi alikuwa macho kabisa. "Tuliipigia makofi. Leo tukiivunja kwa ajili yako, kesho yule mwizi wako atatuuliza yeye alikosa nini."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkata Wembe maini, kwamba yule mzee wa kulala macho wazi alikuwa sahihi, na kwamba alisema bila kumsimanga. Alitafuta tusi la kumjibu. Maisha yake yote hakuwahi kuishiwa, matusi yalikuwa yakimjia yenyewe bila kuitwa. Sasa aliirudisha tu kalamu mezani. Majaji waliinuka mmoja mmoja, wakachukua makoti yao, wakamwachia nafasi kubwa ya kupita kuliko aliyoihitaji.

Karatasi zikabandikwa ukumbini chini, kwenye ubao mrefu kando ya mlango mkuu. Majina ya majaji juu, washindani ubavuni, alama katikati, na zile zilizotupwa zimepigwa mstari mwekundu. Watu walijaa mbele yake wakinyoosha simu. Wembe angeweza kutokea mlango wa nyuma, na miguu yake ilishaanza kwenda huko, lakini kuna kiasi cha woga ambacho hata yeye hakuweza kujisamehe. Akashuka ngazi.

Sweta alikuwa amesimama mbele ya ubao, begi begani. Hakuwa analia. Alikuwa anasogeza midomo taratibu, kama walimu wanavyofanya wanaposahihisha madaftari, na kidole chake kilikuwa kwenye ile ishirini na tano yenye mstari. Aligeuka akamwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Wembe alisimama mkabala naye. Sheria ya kutozungumza ilikuwa imekwisha kazi. "Nataka ujue kwamba kwa miaka ishirini sijamsikia mtu akipiga hivyo. Nilikupa ninachoamini."

"Nimeona. Asante." Sweta alitoa kidole kwenye karatasi. "Mama, nimepiga hesabu. Ishirini na mbili ingenitosha."

"Ndiyo."

"Umejua sasa hivi, au ulijua kabla hujaandika?"

Kila siku ya maisha yake Wembe aliwapa watu ukweli bila kuombwa, na wengi ukawaumiza, naye akawaambia ndiyo dawa. Sasa aliombwa.

"Nilijua kabla," alisema. "Niliandika ishirini na mbili kwa penseli. Kisha yule wa pembeni yangu akasema neno, nikakasirika."

Sweta aliitikia kwa kichwa. Wembe akamsubiri kama anavyosubiri mtu aliyeshitakiwa. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Basi hizo ishirini na tano hukunipa mimi," alisema Sweta, bila kupandisha sauti. "Uliwapa wao."

Akafunga vifungo vya sweta mpaka juu, akasema, "Ubaki salama, mama," akateremka ngazi za nje kwa mwendo wa kawaida, wa mtu mwenye kazi Jumatatu.

Wembe alibaki mbele ya ubao. Alama yake ilikuwa pale, na jina lake lote, na mstari mwekundu umekatiza katikati. Mama mmoja wa manukato akamgusa begani, akamwomba asogee kidogo, maana anamkinga na yeye anataka kupiga picha jina la Radi.

Wembe akasogea.